Kabla ya kumwambia apunguze uzito: uchambuzi wa kisa kimoja cha saratani ya titi

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 58, urefu sentimita 162, uzito kilo 96. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 36.6, ambayo kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani ni unene uliokithiri wa daraja la pili. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 51. Ana kisukari cha aina ya pili anachokitibu kwa metfomini, na presha inayopanda kila dawa zinapomwishia. Amekuja na uvimbe kwenye titi la kushoto ambao anasema aliugusa kwa mara ya kwanza karibu mwaka mmoja uliopita.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu si mtu mmoja. Nimemuunda kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina yake, ili tupitie maamuzi yote ya matibabu bila kuanika siri ya yeyote. Tafiti na takwimu za tafiti ninazozitaja ni za kweli.

Mwaka mzima ulipotelea wapi? Alikuwa akihudhuria kliniki ya kisukari, na kila mahudhurio yalianzia kwenye mizani na kuishia kwenye mizani. Siku aliyoutaja uvimbe aliambiwa huenda ni mafuta, apunguze uzito kwanza kisha waone. Titi halikuguswa. Baada ya hapo akaanza kuruka miadi, kwa sababu hakuna mtu anayependa kutoka nyumbani kwenda kukemewa. Na hapa pana jambo linaloniuma kila nikilifikiria: titi lenye mafuta mengi ni rahisi kusomeka kwenye mamografia kuliko titi lenye tishu nzito, kwa kuwa mafuta hutoka meusi kwenye picha na uvimbe hutoka mweupe. Vidole ndivyo vinavyopata taabu kwenye titi kubwa. Mashine haipati taabu hiyo. Mgonjwa ambaye picha ingemfaa kuliko wengi ndiye aliyekosa picha.

Alipofika mahali alipochunguzwa, mambo yalikwenda haraka. Mamografia ilionyesha uvimbe wa sentimita 3.5. Kwapa halikuwa na tezi lililovimba kwa kugusa. Kinyama kilichochukuliwa kilionyesha saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa na kupenya nje yake, daraja la tatu (seli zake zinakua kwa kasi), vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni, chanya (yaani homoni hizo huilisha), HER2, protini nyingine inayochochea saratani, hasi. Picha za kifua, tumbo na mifupa hazikuonyesha kusambaa.

Alikuja na binti yake siku ya kupewa majibu. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Binti ndiye aliyeuliza: "Daktari, mama akipunguza mwili atapona?"

Swali hilo linastahili jibu la kweli, na jibu lake ni refu kuliko ndiyo au hapana.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2014 Doris Chan na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 82 zenye wanawake 213,075 waliowahi kuugua saratani ya titi. Wakilinganishwa na wenye uzito wa kawaida, wanawake waliokuwa na unene uliokithiri kabla ya kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufa kwa sababu yoyote iliyo juu kwa asilimia 41, na hatari ya kufa kwa saratani ya titi yenyewe iliyo juu kwa asilimia 35. Tofauti ilionekana kwa waliokwisha kukoma hedhi na kwa ambao bado. Hilo la pili huwashangaza watu, maana kabla ya hedhi kukoma unene unaambatana na hatari ndogo kidogo ya kuipata saratani hii. Ikishakuja lakini, unene haumlindi mwanamke wa umri wowote.

Asilimia 35 inatisha ikisikika peke yake. Tuseme katika kundi fulani la wagonjwa wembamba 100, kumi watafariki kwa saratani hiyo katika kipindi fulani. Kwa kundi linalofanana nalo kwa kila kitu isipokuwa unene, hesabu hiyo inatupa watu kumi na tatu au kumi na nne. Ni tofauti kubwa ukizingatia kwamba hao watatu au wanne ni watu. Ni ndogo mno kuwa hukumu juu ya mwanamke mmoja aliyeketi mbele yako. Wengi katika makundi yote mawili wanaishi, na mgonjwa wetu alistahili kuambiwa hivyo kwa maneno hayohayo.

Wadenmark wanatupa picha ya muda mrefu zaidi. Marianne Ewertz na wenzake, mwaka 2011, walipitia rekodi za kitaifa na kupata taarifa za BMI za wanawake karibu 19,000. Waliokuwa na BMI ya 30 na zaidi walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbele zaidi. Hata baada ya tofauti hiyo kuondolewa kwa hesabu, hatari ya saratani kusambaa mbali ilikuwa juu kwa asilimia 46 baada ya miaka 10, na hatari ya kufa kwa saratani ya titi ilikuwa juu kwa asilimia 38 baada ya miaka 30. Waliandika pia kwamba kemo na tiba ya homoni (dawa za kuizuia estrojeni) zilionekana kupungua nguvu kwa wanawake wanene baada ya miaka 10 au zaidi.

Watu wengi huishia hapo. Wanasoma namba, wanamgeukia mgonjwa na kumwambia apungue. Mimi nadhani kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu namba hiyo moja imebeba mambo mengi ndani yake. Kuchelewa kugunduliwa kumo. Dozi ndogo za kemo zimo. Vidonge vya homoni vilivyoachwa njiani vimo, na moyo uliochoka kwa presha na kisukari. Na mafuta yenyewe, kwa kemia yake, yamo. Kati ya hayo yote, ni machache yanayomngoja mgonjwa apungue kilo ndipo yashughulikiwe.

Upasuaji

Aliondolewa uvimbe, titi likabaki, na matezi ya mwanzo ya kwapa, yale ambayo saratani huyafikia kwanza, yakachunguzwa. Mawili yalikuwa na saratani. Hapo ilikuwa hatua ya IIB: imefika kwapani, haijasambaa mbali. Zamani kwapa lote lingesafishwa, lakini matokeo ya miaka 10 ya jaribio la ACOSOG Z0011, yaliyotoka mwaka 2017, yalionyesha kwamba mwanamke mwenye uvimbe wa ukubwa huu, aliyebakiziwa titi, mwenye tezi moja au mawili yaliyoguswa na anayekwenda kupigwa mionzi ya titi zima, hafupishiwi maisha kwa kuachiwa matezi yaliyobaki. Kwa mgonjwa mwenye unene hili lina uzito wa pekee: BMI ya 30 na zaidi tayari inaongeza uwezekano wa mkono kuvimba kwa majimaji, na kusafisha kwapa lote kunaongeza tena. Aliachiwa. Kidonda kilichelewa kidogo kupona, jambo la kutarajiwa kwa mwenye kisukari, kisha kikafunga.

Dozi

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye tezi moja hadi matatu na vipokezi vya homoni chanya, kemo si lazima siku hizi. Jaribio la RxPONDER, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba wanawake wa aina hii ambao alama yao ya kipimo cha jeni za uvimbe ni 25 au chini hawapati faida ya kemo juu ya tiba ya homoni. Alama ya mgonjwa wetu ilikuwa 31. Kemo ikapendekezwa: doksorubisini na saiklofosfamidi kwa mizunguko minne, kisha paklitakseli kila wiki kwa wiki 12. Kipimo cha moyo kilikuwa kizuri.

Dozi ya dawa hizi hukokotolewa kwa eneo la mwili. Unazidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, unagawanya kwa 3,600, unatafuta kipeuo cha pili. Kwake ni mita za mraba 2.08. Kwa miligramu 60 za doksorubisini kwa kila mita ya mraba, anatakiwa kupata takriban miligramu 125. Saiklofosfamidi, kwa miligramu 600, ni takriban 1,250.

Karatasi ya kwanza iliyofika kwa mfamasia ilikuwa na miligramu 108 na 1,080. Aliyeiandika alikuwa ameweka dari ya mita za mraba 1.8, mazoea ya zamani ambayo bado yanaishi katika vichwa vya wengi: mgonjwa mnene apunguziwe, moyo wake usijepata taabu, damu yake isijeshuka sana. Hakuna aliyeona kwamba ni uamuzi. Ilionekana ni tahadhari ya kawaida. Mfamasia ndiye aliyepiga simu.

Tofauti ni karibu asilimia 14, katika kila mzunguko, tangu siku ya kwanza, kwa mgonjwa ambaye hajaonyesha dalili yoyote ya kushindwa dawa. Je, asilimia 14 ni kitu? Mwaka 1995 Gianni Bonadonna na wenzake huko Milan walitoa matokeo ya miaka 20 ya mchanganyiko wa zamani wa kemo uitwao CMF. Faida kubwa ilikuwa kwa wanawake waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa. Mgonjwa wetu angeanza safari akiwa amesimama ukingoni mwa kiwango hicho. Ahirisho moja la mzunguko, au punguzo moja halali kwa sababu ya damu kushuka, na angekuwa ameteremka chini yake.

Hofu ya sumu nayo ilishachunguzwa. Mwaka 1996 Gary Rosner na wenzake walipitia CALGB 8541, jaribio la kemo ya saratani ya titi, na kukuta kwamba wanawake wanene waliopewa dozi kwa uzito wao halisi hawakuumia kuliko wembamba. Mwaka 2012 Chama cha Marekani cha Madaktari wa Saratani, ASCO, kilitoa mwongozo ulioongozwa na Jennifer Griggs: dozi kamili kwa uzito halisi, hasa pale lengo ni kuponya. Mwongozo huo ulieleza kwamba hadi asilimia 40 ya wagonjwa wenye unene walikuwa wakipewa dozi zilizopunguzwa. Ulisasishwa mwaka 2021 na msimamo haukubadilika. Zipo dawa zenye dari yake maalumu, vinkristini kwa mfano, lakini hizo zina dari kwa kila mtu.

Karatasi ikaandikwa upya. Katika mzunguko wa pili alipata homa, chembe nyeupe zikiwa chini. Alilazwa, akapewa antibiotiki, akatoka. Kulikuwa na sauti iliyosema, "Mnaona? Dozi ilikuwa kubwa." Jibu linalofaa ni kuuliza: mwanamke wa kilo 60 angepata homa hiyohiyo, tungefanya nini? Tungempa sindano ya kuchochea chembe nyeupe na kuendelea na dozi ileile, kwa kuwa tunataka kumponya. Ndicho alichofanyiwa. Mizunguko iliyobaki ilimalizika bila kupunguzwa.

Nimekaa hapa kwa muda mrefu kwa makusudi. Katika kisa kizima hiki ndicho kipande ambacho unene ungeweza kumuua mgonjwa kwa mkono wetu wenyewe, na baadaye tungeandika kwenye faili kwamba saratani ilirudi kwa sababu ya unene wake.

Mafuta yanafanya kazi gani

Haifai sasa kuegemea upande wa pili na kudai kwamba yote ni makosa ya matibabu. Mwaka 2012 Joseph Sparano na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio makubwa ya kemo ya Marekani, ambamo matibabu husimamiwa kwa karibu kuliko kliniki ya kawaida. Wanawake wenye unene na saratani yenye vipokezi vya homoni bado walikuwa na matokeo mabaya zaidi. Kwa aina nyingine za saratani ya titi, katika majaribio hayo, tofauti haikuonekana. Basi kuna jambo linaloendelea mwilini, na linaelekea kuhusu homoni zaidi.

Baada ya hedhi kukoma, ovari zinaacha kutengeneza estrojeni, lakini tezi zilizo juu ya figo zinaendelea kutoa homoni za jamii ya androjeni. Tishu za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho huzigeuza androjeni hizo kuwa estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni ni nyingi, na saratani yenye vipokezi vyake inaendelea kulishwa. Juu ya hayo, mwili usioitikia vizuri insulini huizalisha kwa wingi, na insulini huchochea seli kukua. Seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi hufa, seli za kinga huzizunguka, na mwako mdogomdogo wa kudumu wa kinga unaotokea hapo (si uvimbe wa saratani) unaongeza aromatesi tena. Leptini, homoni ya mafuta, hupanda.

Kwenye suala la insulini palikuwa na tumaini kubwa. Mwaka 2002 Pamela Goodwin na wenzake huko Toronto walionyesha, kwa wanawake 512 wasio na kisukari, kwamba robo yenye insulini ya juu kabisa ilikuwa na hatari mara mbili ya saratani kusambaa mbali na mara tatu ya kufa, ikilinganishwa na robo ya chini. Basi metfomini ikapelekwa kwenye jaribio la MA.32 lenye wagonjwa 3,649 wasio na kisukari. Matokeo yalitoka mwaka 2022: haikuzuia saratani kurudi kwa wenye vipokezi vya homoni. Mgonjwa wetu aliuliza kama metfomini yake inamsaidia kwa saratani. Aliambiwa aendelee nayo kwa ajili ya sukari, na kwa saratani asiitegemee. Nawaheshimu sana watafiti waliolifuatilia swali lao wenyewe kwa miaka ishirini na kulichapisha jibu ambalo hawakulitaka.

Kidonge cha kila siku

Baada ya kemo na mionzi (ngozi chini ya titi ilichubuka, ikapona) alianzishiwa letrozoli, dawa inayozuia aromatesi. Hapa huzuka hoja inayosikika ya busara: kama mnene ana aromatesi nyingi, je, dawa itamtosha? Ni kweli kwamba wanawake wenye BMI kubwa wanaotumia dawa za kundi hili hubaki na estrojeni kiasi kilicho juu kidogo katika damu. Lakini jaribio la BIG 1-98 lilionyesha kwamba letrozoli iliishinda tamoksifeni, dawa nyingine ya tiba ya homoni, bila kujali BMI. Tena tamoksifeni inaongeza hatari ya damu kuganda na saratani ya ukuta wa kizazi, mambo mawili ambayo unene tayari unayaleta. Kwa mgonjwa huyu letrozoli ndiyo iliyofaa, na dozi ni ileile kwa kila mtu.

Tatizo lilikuja miezi minne baadaye. Vidole vilikaza asubuhi, magoti yakauma hadi ngazi zikawa adhabu. Alisema kwa aibu kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa ameviacha vidonge. Afadhali alisema. Dawn Hershman na wenzake walifuatilia wanawake 8,769 waliopewa tiba ya homoni na kukuta ni asilimia 49 tu waliotumia kwa muda wote na kwa utaratibu unaotakiwa, na walioacha mapema walikuwa na vifo zaidi. Maumivu ya viungo ni sababu kuu ya kuacha, na mwenye unene huyapata kwa urahisi zaidi. Kisha tunashangaa kwa nini tiba ya homoni haikufanya kazi kwake.

Aliyemhudumia hakumwambia kwamba magoti yanauma kwa sababu ya uzito. Alibadilishiwa kwenda anastrozoli, dawa ya kundi lilelile ambayo mara nyingine mwili huipokea vizuri zaidi, na akapangiwa mazoezi. Jaribio la HOPE la Melinda Irwin, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wanawake 121 wenye maumivu kama haya, liliwapa dakika 150 za kutembea kwa wiki na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Baada ya mwaka, maumivu makali zaidi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 29, na kwa kundi la kulinganisha hayakupungua. Magoti yake hayakupona kabisa. Yalitulia kiasi cha kuendelea na kidonge, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Mizani tena

Kemo ilipokwisha alikuwa na kilo 102. Alilia. Aliamini kwamba wagonjwa wa saratani hukonda, na yeye hata kukonda hakukonda. Kuongezeka uzito wakati wa kemo ya saratani ya titi ni jambo la kawaida: deksamethasoni ya kuzuia kutapika huongeza hamu ya kula na sukari, mtu hutembea kidogo, usingizi huvurugika. Uchambuzi wa Mary Playdon wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa asilimia 10 au zaidi baada ya kugunduliwa kunaambatana na vifo zaidi, ilhali ongezeko la kati ya asilimia 5 na 10 halikuonyesha hivyo kwa uhakika. Yeye aliongezeka takriban asilimia 6. Aliambiwa namba hiyo na maana yake, na alisema ndiyo mara ya kwanza mtu kumzungumzia uzito bila kumfanya ajione mkosaji.

Kuna jambo ambalo mizani haikuonyesha. Alikuwa ameshindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Misuli ilikuwa imepungua huku mafuta yakiongezeka. Mwaka 2018 Bette Caan na wenzake walisoma picha za CT za wanawake 3,241 wenye saratani ya titi ya hatua ya pili na ya tatu. Kila watatu, mmoja alikuwa na upungufu wa misuli. Upungufu huo uliambatana na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 41. Mafuta mengi, asilimia 35. Mwenye vyote viwili, asilimia 89. Na BMI peke yake haikuwatambua vizuri wenye hatari hiyo. Mwanamke mnene asiye na misuli anaweza kufichwa na unene wake kwa miaka, kwa sababu hakuna anayedhani kwamba mtu mwenye kilo 102 ana upungufu wa chochote.

Ndiyo maana mpango wake ulianza na protini ya kutosha, kuinuka kitini mara nyingi kwa siku, na mazoezi ya nguvu. Chakula kupunguzwa kwa nguvu kungemwondolea kilo, na nyingi zingekuwa za misuli.

Sasa turudi kwa binti na swali lake. Je, kupunguza uzito baada ya kugunduliwa kunaongeza maisha? Ushahidi wa moja kwa moja ni mwembamba. Jaribio la WINS, lenye wanawake 2,437, lilitoa matokeo mwaka 2006: waliopunguza mafuta kwenye chakula walipungua uzito kidogo, na saratani ilirudi kwa wachache zaidi, ingawa ushahidi wake uliishia ukingoni tu mwa kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Mwaka uliofuata jaribio la WHEL, lenye wanawake 3,088 na chakula cha mboga na matunda mengi, halikuona faida yoyote, na washiriki wake hawakupungua uzito. Jaribio la LISA liliwafikia kwa simu wanawake 338 waliokuwa kwenye letrozoli na kuthibitisha kwamba uzito unaweza kushuka na kubaki chini kwa miaka miwili, lakini ni dogo mno kusema lolote kuhusu vifo. BWEL, lenye zaidi ya wanawake 3,000 wa Marekani na Kanada wenye BMI ya 27 na zaidi, ndilo lililobuniwa kulijibu swali hili hasa. Katika mwaka wa kwanza kundi lililosaidiwa lilipungua karibu asilimia 5 ya uzito, na lile la kulinganisha likaongezeka kidogo.

Mazoezi yana upande wake. Michelle Holmes, mwaka 2005, aliripoti kuhusu wauguzi 2,987 wa Marekani waliougua saratani ya titi: waliotembea kwa kiasi cha saa tatu hadi tano kwa wiki walikuwa na vifo vichache karibu kwa nusu ukilinganisha na waliokaa. Huo ni uchunguzi wa kufuatilia watu, na mtu mgonjwa zaidi hutembea kidogo, kwa hiyo nusu nzima isihesabiwe kuwa kazi ya kutembea. Hata hivyo kutembea kunashusha presha, kunashusha sukari na kunatuliza magoti, hata kama kwa saratani kungekuwa hakufanyi kitu.

Binti aliambiwa hivi: "Kupunguza uzito kunaweza kumsaidia mama, na tutamsaidia ajaribu. Lakini kitakachomlinda zaidi ni kumaliza kemo yote kwa dozi yake, kumeza kidonge kila siku, na presha na sukari zisiachwe. Hata asipopungua kilo moja, hayo yote bado yanamfaa." Mama aliyekuwa kimya aliinua kichwa aliposikia sentensi ya mwisho.

Baadaye aliuliza pia kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito, semaglutidi na jamii yake. Kwa kisukari chake zina nafasi, na alianzishiwa na daktari wa kisukari. Masharti yalikuwa kwamba mazoezi ya nguvu hayaachwi, kwa kuwa sehemu ya uzito unaopotea kwa sindano hizi ni misuli, na kwamba zinatumika kwa sukari na uzito, hazijaandikwa kama tiba ya saratani.

Mwaka wa tano

Amefikisha miaka mitano bila saratani kurudi. Ana kilo 91. Presha imekaa sawa kwa muda mrefu, na hilo si dogo, maana ndani ya asilimia 41 za Chan vimo pia vifo vya moyo, na doksorubisini imeshapita kwenye moyo huu.

Swali lililobaki ni kuacha kidonge au kuendelea. Alikuwa na matezi mawili, daraja la tatu, na takwimu za Denmark zinatukumbusha kwamba kwa wenye unene hatari inazidi kujitokeza baada ya mwaka wa kumi. Upande mwingine kuna mifupa: kipimo cha msongamano kimeshuka, ingawa bado si cha kuvunjika. Jaribio la ABCSG-16 la Austria, lililochapishwa mwaka 2021 likiwa na wanawake 3,484 waliokwisha kumaliza miaka mitano ya tiba ya homoni, lililinganisha kuongeza miaka miwili na kuongeza mitano. Saratani ilirudi kwa kiwango kilekile, na mifupa ilivunjika zaidi kwa waliotumia mitano.

Amechagua miwili. Faili lake lina maagizo manne: anastrozoli hadi mwaka wa saba, kipimo cha mifupa kila baada ya miaka miwili, mamografia kila mwaka, na mtihani wa kuinuka kitini mara tano bila mikono kufanyika kila anapokuja, kabla ya kupanda mizani.